KOFIA ILIYOIMBA
Redio ya kuvaa kichwani ya mwaka 1949, na mambo tunayoweza kujifunza kwayo

Sote tumezoea kuiona redio juu ya meza, juu ya kabati, au imefungwa kwenye usukani wa baiskeli ikielekea shambani. Siku hizi redio imo hata ndani ya simu ya mkononi. Lakini je, mmewahi kusikia habari za redio iliyokuwa kofia? Yaani kofia hasa, unaivaa kichwani, nayo inakuimbia na kukusomea taarifa ya habari?

Hii si hadithi ya kuchekeshea watoto. Kofia hiyo ilitengenezwa na kuuzwa huko Marekani mwaka 1949. Picha yake ipo mpaka leo, na kila anayeiona hucheka kwanza. Kucheka si vibaya. Lakini sisi tunaofanya kazi ya elimu ya watu wazima tumeona kuwa baada ya kucheka yapo mambo ya kujifunza. Tutajifunza jinsi redio inavyofanya kazi. Tutajifunza kusoma picha ya tangazo. Na mwisho tutajifunza jinsi ya kupima chombo kipya kabla ya kutoa pesa zetu.

PICHA YENYEWE

Picha inayojulikana zaidi ya kofia hiyo ilitoka kwenye jalada la jarida la Radio-Electronics, toleo la Juni 1949. Jarida hilo lilisomwa na mafundi na wapenzi wa redio. Kwenye jalada kuna msichana amevaa kofia ngumu ya duara, mfano wa zile helmeti za jua walizokuwa wakivaa maofisa wa kikoloni. Mbele ya kofia vimesimama vichupa viwili vya kioo kama pembe mbili fupi. Nyuma ya vichupa kuna pete ya waya.

Msichana huyo ni Hope Lange. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15. Baadaye alikua akawa mwigizaji maarufu wa sinema huko Marekani.

Mhariri wa jarida hilo alikuwa Hugo Gernsback, mtu aliyezaliwa Luxembourg akahamia Marekani. Huyu bwana alipenda sana mambo mapya na ya ajabu. Mwaka 1963 yeye mwenyewe alipigwa picha amevaa televisheni ndogo usoni kama miwani. Basi mtu wa namna hiyo akiletewa kofia inayoimba, ataiacha? Aliiweka mbele kabisa, kwenye jalada.

ALIYEITENGENEZA

Aliyetengeneza kofia hiyo aliitwa Victor Hoeflich. Kampuni yake ilikuwa Brooklyn, katika jiji la New York. Lakini haikuwa kampuni ya redio. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya sherehe: mashada ya maua ya karatasi ya kuvaa shingoni, kofia za karatasi, na vitu vya kupigia kelele watu wanapofurahi.

Hoeflich alijua mambo mawili vizuri. Alijua kofia, na alijua kuuza. Mwezi Machi 1949 aliwaita waandishi wa magazeti akawaonyesha redio yake. Aliipa jina la kuvutia: Kofia-Redio ya Mtu kutoka Mars. Mars ni sayari, yaani dunia nyingine iliyo mbali na hii yetu. Wakati ule watu wengi walipenda hadithi za viumbe wa huko wenye vichwa vya ajabu. Ndiyo maana vile vichupa vya kioo havikufichwa ndani. Viliachwa nje makusudi ili mvaaji aonekane kama mgeni aliyeshuka kutoka angani.

Kofia iliuzwa kwa dola 7 na senti 95. Ilitolewa kwa rangi nane, pamoja na nyekundu, njano na waridi. Waliolengwa hasa walikuwa vijana.

ILIFANYAJE KAZI?

Hebu tueleze polepole. Hapa ndipo penye elimu.

Stesheni ya redio hurusha mawimbi hewani. Mawimbi hayo huyaoni, huyasikii, wala huyagusi. Yanapita juu ya mashamba na hata kupenya ndani ya nyumba. Redio ina kazi tatu tu: kuyadaka mawimbi, kuchagua stesheni moja kati ya nyingi, na kugeuza mawimbi hayo kuwa sauti.

Kazi ya kwanza, ya kudaka mawimbi, ilifanywa na ile pete ya waya juu ya kofia. Hiyo ndiyo eriali yake. Lakini eriali ya pete ina tabia moja. Inadaka vizuri ikielekea upande fulani, na ikigeuzwa upande mwingine sauti inafifia. Sasa fikirini eriali hiyo iko kichwani pako. Unasikiliza wimbo, jirani anakuita kwa nyuma, unageuka kumwitikia, na wimbo unapungua. Ukitaka kusikia vizuri inabidi uelekeze uso wako pale stesheni inapopatikana.

Kazi ya pili, ya kuchagua stesheni, ilifanywa kwa kuzungusha kitufe kilichowekwa mbele ya kofia, kati ya vile vichupa viwili.

Kazi ya tatu ilifanywa na vichupa vyenyewe. Vichupa hivyo vinaitwa valvu. Valvu inafanana na taa ya umeme ya zamani: kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, na ndani yake mna waya mwembamba unaopata moto. Waya ukipata moto, umeme unaweza kuruka ndani ya kichupa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Umeme huo ndio unaochukua ile nguvu ndogo iliyodakwa hewani na kuikuza mpaka masikio yetu yaweze kuisikia. Sauti ilitoka kwenye kisikilizio kimoja kilichowekwa ndani ya kofia, karibu na sikio. Kwa hiyo aliyesikia ni mvaaji peke yake.

Sasa, valvu zinataka betri za namna mbili. Betri ya kwanza ni ya kuupasha moto ule waya. Katika kofia hii ilikuwa ya volti 1.5. Betri ya pili ni ya kuusukuma umeme ndani ya kichupa, nayo ilikuwa ya volti 22.5. Mzigo huo usingeweza kukaa kichwani. Betri zilitiwa mfukoni, na waya ukapanda kutoka mfukoni mpaka kwenye kofia. Kumbe basi, redio ya kofia ilikuwa nusu kichwani na nusu mfukoni!

HESABU YA KOFIA

Betri za kofia hiyo ziliweza kufanya kazi kwa saa zipatazo 20. Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kalamu.

Mtu akisikiliza saa 2 kwa siku, betri zitakwisha baada ya siku ngapi? Saa 20 gawanya kwa 2, jibu ni siku 10. Mwezi una siku 30. Kwa hiyo atanunua betri mara 3 kwa mwezi. Kwa mwaka ni mara 36. Kofia unainunua mara moja, lakini betri unazinunua mara 36 kila mwaka.

Tena kofia haikuweza kudaka stesheni za mbali. Ilisemwa kuwa ingeweza kusikia stesheni zilizo umbali wa maili 20, yaani kilomita kama 32. Kwa mtu wa New York hilo si neno, kwa kuwa stesheni zilikuwa nyingi na zote jirani. Lakini mkulima aliye mbali na mji angevaa kofia yake asisikie kitu.

Kofia hiyo haikudumu sokoni. Vijana waliifurahia kwa muda, kisha ikasahauliwa. Leo wanaoitafuta ni watu wa kukusanya vitu vya kale.

SUFURIA ILIYOSEMA

Sasa tuvuke bahari turudi Afrika. Mwaka huohuo wa 1949 redio nyingine ya ajabu ilianza kuuzwa Lusaka, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Leo nchi hiyo ni Zambia, jirani yetu.

Lusaka kulikuwa na stesheni iliyotangaza kwa lugha za wananchi, kama Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi. Lakini matangazo bila redio ni sawa na barua bila msomaji. Redio za wakati ule zilikuwa kubwa, zilikuwa ghali, na nyingi zilihitaji umeme wa nyumbani. Vijijini nani alikuwa na umeme?

Ofisa wa habari wa huko, Bwana Harry Franklin, alitafuta kampuni itakayotengeneza redio ya mtu wa kawaida. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilikubali. Kwa ajili ya gamba la nje la redio hiyo walitumia chombo cha alumini cha duara, kutoka kwa watu waliokuwa wakitengeneza sufuria. Wakakipaka rangi ya buluu, wakatia redio ndani. Watu wakaiita redio ya sufuria.

Ukiiona picha yake utacheka vilevile. Ni sufuria yenye vitufe! Lakini angalieni tofauti. Redio ya sufuria ilikuwa na valvu 4, na ilidaka mawimbi mafupi, yale yanayosafiri mbali sana. Iliuzwa paundi 5, yaani shilingi 100. Betri yake iliuzwa shilingi 25, nayo ilidumu saa zipatazo 300.

Turudi kwenye hesabu yetu. Saa 300 gawanya kwa 2, ni siku 150. Hiyo ni miezi 5. Shilingi 25 kwa miezi 5 ni shilingi 5 kwa mwezi. Zilikuwa pesa nyingi kwa mtu wa wakati ule, hatukatai. Lakini mtu alinunua betri moja akakaa nayo kuanzia masika mpaka kiangazi.

Tena redio ya sufuria ilitoa sauti hadharani. Mwenye redio alikaa uani, na majirani wakaja na vigoda vyao. Kofia ilisema na kichwa kimoja. Sufuria ilisema na mtaa mzima.

REDIO MOJA, WATU WENGI

Jambo hili la redio moja kusikilizwa na watu wengi tunalijua vizuri hapa Tanzania. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1973 ikafanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu wanaikumbuka. Wanakijiji walikaa katika vikundi kuzunguka redio moja. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu chao, wakajadili, halafu wakaenda kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Karibu watu wazima milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Hakuna aliyehitaji redio yake peke yake ili achimbe choo. Kilichohitajika ni redio moja nzima, betri zenye nguvu, na watu walio tayari kusikiliza na kufanya kazi.

KIJIPANDE KILICHOMALIZA ENZI YA VALVU

Mnaweza kuuliza: mbona redio za leo hazina vile vichupa? Jibu ni transista.

Transista ni kijipande kidogo chenye kufanya kazi ileile ya valvu, yaani kukuza umeme mdogo uwe mkubwa. Lakini haina waya wa kupasha moto. Kwa hiyo haihitaji betri ya pili, na haili umeme mwingi. Wala si kichupa cha kuvunjika ikianguka. Ilivumbuliwa Marekani mwezi Desemba 1947 na wataalamu John Bardeen na Walter Brattain, waliofanya kazi pamoja na William Shockley. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Angalieni miaka hiyo vizuri. Kofia ya Hoeflich ilitoka mwaka 1949. Transista ilikuwa imekwisha zaliwa, ila haijafika madukani. Redio ndogo ya transista ya kutia mfukoni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Bei yake ilikuwa karibu dola 50, yaani zaidi ya mara sita ya bei ya kofia! Lakini miaka ilivyopita bei ikashuka, redio ikapungua ukubwa, na betri zikadumu zaidi. Hivyo wazo la Hoeflich la kutembea na redio halikuwa la kijinga. Leo kijana anayetembea na visikilizio masikioni anafanya lilelile. Hoeflich alitaka jambo ambalo vifaa vya wakati wake havikuweza kulibeba.

USICHEKE UPESI

Wako wavumbuzi wengine waliochekwa, kumbe walikuwa na jambo. Mwaka 1991 Mwingereza mmoja, Trevor Baylis, alitazama kipindi cha televisheni kuhusu ugonjwa wa UKIMWI katika Afrika. Alisikia kuwa elimu ya redio ingeweza kuokoa watu, lakini vijijini betri zilikuwa ghali na umeme haukuwapo. Akatengeneza redio ya kuzungusha kwa mkono. Unazungusha mpini, springi inakazwa kama ya saa, na ikilegea polepole inaendesha mtambo mdogo wa umeme ndani ya redio. Kampuni kadhaa zilimkataa. Baadaye redio hizo zilitengenezwa katika kiwanda huko Cape Town, Afrika Kusini, na kusambazwa sehemu nyingi.

Hoeflich alianza na swali, Nitauza nini? Baylis alianza na swali, Watu wamekosa nini? Maswali yote mawili ni halali, kwani mfanyabiashara naye anataka kula. Lakini mnunuzi ni lazima ajue chombo kilichoko mbele yake kimetokana na swali lipi.

KUSOMA PICHA YA TANGAZO

Ndugu wasomaji, kujua kusoma si kujua herufi tu. Picha nayo husomwa. Turudi kwenye picha ya yule msichana. Picha inatuonyesha kofia na uso wa kijana. Haituonyeshi kuwa betri zitakwisha baada ya saa 20. Haituonyeshi kuwa ukigeuka sauti inafifia, wala kuwa ukiwa mbali na mji hutasikia kitu. Picha haikusema uongo. Ila imechagua la kusema, na mengine imenyamazia.

Siku hizi kwenye minada yetu na kwenye simu zetu tunaletewa picha nyingi za namna hiyo: redio yenye taa na paneli ya sola, tochi yenye redio, spika yenye rangi tano. Nyingine ni nzuri kweli na zinasaidia sana. Nyingine zinalia wiki mbili, kisha zinabaki juu ya kabati zimefunikwa kitambaa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa ya mahindi au pamba, ulizeni maswali haya:

1. Kitanifanyia kazi gani ambayo sasa siifanyi? Kama huna jibu, unanunua pambo. Pambo si dhambi, lakini lijue kuwa ni pambo.

2. Kinakula nini, na chakula chake kinapatikana wapi? Kama ni betri, zile mnazoita mawe, je, ni za saizi inayouzwa duka la kijijini? Zinadumu saa ngapi? Kama ni ya sola, ikichajiwa mchana kutwa italia saa ngapi usiku?

3. Kikiharibika, fundi wetu ataweza kukifungua?

4. Je, naweza kukijaribu hapahapa nilipo? Usikubali kusikilizishwa muziki uliorekodiwa ndani ya kadi. Mwambie muuzaji akutafutie stesheni. Kisha dai risiti.

Jambo la mwisho ni la usalama. Mvaaji wa kofia ya Hoeflich alisikia wimbo sikioni huku akitembea barabarani. Leo tunawaona vijana wa bodaboda na waendao kwa miguu wameziba masikio yote mawili kwa visikilizio. Honi ikipigwa hawasikii. Barabarani toa kisikilizio. Wimbo utausikia jioni ukifika nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kofia ya redio ilihitaji betri za namna mbili?

2. Mtu ana redio ambayo betri zake hudumu saa 60. Anasikiliza saa 3 kwa siku. Betri zitakwisha baada ya siku ngapi?

3. Kofia na sufuria zilitoka mwaka mmoja. Ipi ingefaa zaidi kijijini kwenu? Toeni sababu tatu.

4. Tajeni chombo kimoja kilichonunuliwa na wengi kijijini kwenu miaka ya karibuni. Je, bado kinafanya kazi? Kama hakifanyi, ni swali lipi kati ya manne ya hapo juu ambalo halikuulizwa?

Someni makala hii kwa sauti katika kikundi, na aliye hodari wa hesabu awasaidie wenzake kwenye swali la pili.